Wenzo, Misuli na Maumivu: Tiba ya Viungo kwa Mwanamke wa Kasulu na Kibondo

Nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, yaani nchi ya Waha iliyoko Kasulu na Kibondo, huinuka hadi kimo cha zaidi ya meta 1,200 kutoka usawa wa bahari, hali Ziwa Tanganyika lililoko magharibi yake liko kwenye kimo cha meta 770 hivi. Ni nchi ya vilima na mabonde. Mara nyingi nyumba huwa juu, maji huwa chini bondeni, na mashamba ya mahindi, maharage na mihogo hutanda kwenye miteremko. Mwanamke wa huko hulima kwa jembe la mkono, hushuka kuchota maji na kupanda nayo, hutafuta kuni, na mara nyingi hufanya yote hayo akiwa na mimba au akiwa na mtoto mgongoni.

Si ajabu, basi, kwamba maumivu ya kiuno, mgongo na nyonga ni jambo la kawaida katika mazingira kama hayo. Linalosikitisha ni kwamba maumivu hayo huchukuliwa kuwa fungu la mwanamke, kana kwamba aliumbwa nayo. Wako pia wanawake ambao tangu walipojifungua hutokwa na mkojo kila wanapokohoa au kuinua ndoo, nao hulificha jambo hilo hata kwa mkunga. Makala haya yanaeleza kwamba sehemu kubwa ya matatizo hayo yana sababu zinazofahamika kisayansi, na kwamba tiba ya viungo inaweza kuyapunguza, na pengine kuyaondoa kabisa.

Tiba ya viungo, ambayo huitwa pia fiziotherapia, ni tawi la utabibu linalotumia mwendo, mazoezi, mikono ya mtaalamu, joto, na mafunzo ya mkao bora wa mwili, badala ya kutegemea dawa au upasuaji. Nchini Tanzania wataalamu wa fani hii wamefunzwa kwa miaka mingi huko KCMC, Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971. Hata hivyo, mengi ya mafunzo yao hayahitaji mitambo, na yanaweza kufikishwa kijijini na muuguzi, mkunga au mwalimu.

UTI WA MGONGO NI WENZO

Wanafunzi wa fizikia wanaijua kanuni ya wenzo: jitihada ikizidishwa kwa umbali wake kutoka egemeo huwa sawa na mzigo ukizidishwa kwa umbali wake kutoka egemeo hilo hilo. Mtu anapoinama kuinua ndoo, egemeo ni pingili za chini za uti wa mgongo, mzigo ni ndoo pamoja na kiwiliwili chenyewe, na jitihada ni kani ya misuli ya mgongo. Tatizo ni kwamba misuli hiyo iko karibu mno na egemeo, kiasi cha sentimeta 5 tu.

Tuchukue mfano wa maji ya lita 20, ambayo uzito wake ni nyutoni 200 hivi. Yakishikwa sentimeta 40 mbele ya uti wa mgongo, misuli italazimika kuvuta kwa kani ya 200 × 40 ÷ 5, yaani nyutoni 1,600. Kani hiyo ni sawa na uzito wa kilo 160. Maji hayo hayo yakisogezwa hadi sentimeta 20 kutoka uti wa mgongo, kani inayohitajika hupungua hadi nyutoni 800. Na hapo uzito wa kiwiliwili kilichoinama bado haujahesabiwa.

Kani hiyo yote huzikandamiza pingili pamoja na diski, yaani vifuto laini vilivyo baina ya pingili na pingili. Mwaka 1999 watafiti wa Ulm, Ujerumani, wakiongozwa na Hans-Joachim Wilke, walitangaza vipimo vilivyochukuliwa ndani ya diski ya mtu mmoja aliyejitolea. Alipolala, kanieneo ilikuwa megapaskali 0.1, aliposimama, ilikuwa 0.5. Alipoinua mzigo wa kilo 20 kwa kupinda mgongo, ilifika 2.3. Alipouinua mzigo huo huo kwa kukunja magoti, ilikuwa 1.7, yaani ilipungua kwa zaidi ya robo.

Yafaa ieleweke kwamba mgongo si kiungo dhaifu, wala kuinama si kosa. Mgongo huumia hasa mzigo unapokuwa mkubwa kuliko uwezo wa misuli, au unaporudiwarudiwa bila mapumziko. Ndiyo maana mtaalamu wa tiba ya viungo humshauri mkulima asogeze mzigo karibu na mwili, akunje magoti, atumie jembe lenye mpini mrefu zaidi ikiwezekana, na anyooke mara kwa mara wakati wa palizi.

MZIGO WA KICHWANI

Kubeba kichwani kumewahi kudharauliwa kuwa ni desturi isiyo na maarifa. Sayansi imeonyesha kinyume chake. Mwaka 1986 G. M. O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanawake wa Kijaluo, wabebao kichwani, na wa Kikikuyu, wabebao kwa kamba ipitayo kwenye paji la uso. Wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu.

Lakini hesabu hiyo ina mpaka. Kwa mwanamke mwenye uzito wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12, hali maji ya lita 20 ni theluthi ya uzito wake. Kuanzia hapo nishati hupanda, na pingili za shingo hubanwa. Aidha, wakati wa hatari zaidi mara nyingi si ule wa kutembea, bali ule wa kujitwika na kutua. Desturi ya kutwishana ni kinga nzuri ya mgongo, nayo ndoo ya lita 10 ni bora kwa mjamzito hata kama safari zitaongezeka.

KWA NINI KULALA TU SI DAWA

Zamani mgonjwa wa mgongo aliamriwa kulala. Leo inajulikana kwamba misuli isiyotumika hudhoofika upesi na viungo hukakamaa. Mwaka 1995 matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wafanyakazi wa jiji la Helsinki, Finland, yalionyesha kwamba wenye maumivu mapya ya mgongo walioendelea na shughuli zao kwa kadiri walivyoweza walipona upesi kuliko wale waliolazwa kitandani kwa siku 2. Kwa maumivu ya muda mrefu, mazoezi ya kuimarisha misuli ya tumbo, mgongo na matako ndiyo msingi wa tiba.

Na kukanda, je? Kila familia ya Kitanzania inajua kwamba mzazi hukandwa kwa maji ya moto. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza nadharia ya lango: habari za mguso zinazopita kwenye neva huweza kuzuia kwa sehemu habari za maumivu zisifike kwenye ubongo. Joto nalo hulegeza misuli iliyokaza. Hivyo nafuu inayopatikana kwa kukandwa ni ya kweli. Hata hivyo, maji yasiwe ya moto wa kuunguza, wala tumbo au kidonda cha upasuaji kisikandamizwe. Pia kukanda hakuongezi nguvu ya misuli. Kazi hiyo hufanywa na mazoezi peke yake.

MIMBA NA MISULI YA SAKAFU YA NYONGA

Wakati wa mimba, homoni, ikiwamo ile iitwayo rilaksini, huchangia kulegeza kano zinazofunga mifupa ya nyonga. Tumbo nalo husogea mbele, na kwa mujibu wa kanuni ya wenzo misuli ya mgongo hulazimika kuvuta zaidi. Mazoezi mepesi ya kuimarisha nyonga, kulala ubavu na mto au kanga iliyokunjwa kati ya magoti, na kupunguza mizigo huleta nafuu kwa wengi.

Chini ya nyonga kuna tabaka la misuli lililotandazwa kama machela kutoka mfupa wa mbele hadi kifandugu. Tabaka hilo huitwa sakafu ya nyonga. Hubeba kibofu cha mkojo, mji wa mimba na utumbo wa mwisho, na husaidia kufunga njia zao. Wakati wa kujifungua misuli hiyo hunyooshwa mno, na mara nyingine huchanika. Ikibaki dhaifu, kikohozi au ndoo nzito huongeza kanieneo ndani ya tumbo kuliko uwezo wa misuli kufunga, na mkojo huvuja. Mji wa mimba pia huweza kushuka.

Mwaka 1948 daktari Mmarekani Arnold Kegel alitangaza kwamba misuli hiyo inaweza kufunzwa kama misuli ya mkono. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na shirika la Cochrane mwaka 2018 yalionyesha kwamba miongoni mwa wanawake wanaovuja mkojo kwa kukohoa au kuinua mzigo, 56 kati ya kila 100 waliofanya mazoezi hayo walisema wamepona, wakilinganishwa na 6 kati ya kila 100 ambao hawakutibiwa.

Zoezi lenyewe ni rahisi. Mwanamke hukaza misuli kana kwamba anazuia mkojo na upepo kwa pamoja, akiivuta ndani na juu, bila kuzuia pumzi wala kubana matako na mapaja. Hushika kwa sekunde chache, huachia, kisha hupumzika. Hurudia mara 8, mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3. Anayekata tamaa baada ya wiki 2 hajalipa zoezi nafasi, kwani misuli hukua polepole. Zoezi lisifanywe kwa mazoea wakati wa kukojoa. Aidha, ni vizuri kukaza misuli hiyo kwanza kabla ya kukohoa au kuinua ndoo. Wenye mji wa mimba ulioshuka kidogo pia hupata nafuu; walioshuka sana huhitaji pete maalumu ya kuutegemeza au upasuaji.

MAUMIVU YA HEDHI

Wakati wa hedhi mji wa mimba hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huufanya ujikaze kwa nguvu na kubana mishipa yake ya damu. Hicho ndicho chanzo cha maumivu kwa wasichana wengi. Joto tumboni hupunguza mkazo huo. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba mazoezi ya dakika 45 hadi 60, mara 3 au zaidi kwa wiki, huweza kupunguza maumivu hayo kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo hakuna sababu ya kisayansi ya kumkataza msichana michezo kwa kuwa yumo katika hedhi, ikiwa mwenyewe anajisikia kushiriki.

BAADA YA UZAZI PINGAMIZI

Uzazi unapokwama kwa muda mrefu, kichwa cha mtoto hubana neva zinazopita ndani ya nyonga, na mama huweza kubaki na mguu usioinuka kwenye kifundo. Hapo tiba ya viungo huhitajika mapema: mguu hunyooshwa kila siku na kutegemezwa usikakamae, huku neva zikipona taratibu. Mbano huo pia huweza kukata damu na kuua nyama kati ya kibofu na uke, na hivyo kusababisha fistula. Fistula hutibiwa kwa upasuaji, kama unavyofanywa na hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam. Mazoezi ya nyonga husaidia baada ya upasuaji, lakini hayawezi kuchukua nafasi yake.

Kinga, bila shaka, hupita tiba. Katika Hospitali ya Mkoa ya Maweni, Kigoma, Daktari Godfrey Mbaruku aliongoza kati ya 1984 na 1991 mpango wa kuboresha huduma za uzazi, kwa kutumia zaidi rasilimali zilizokuwapo. Vifo vya wazazi vilipungua kutoka 933 hadi 186 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Somo la Maweni ni kwamba maarifa na utaratibu huweza kuokoa maisha hata pale ambapo fedha ni chache. Somo hilo linaihusu tiba ya viungo pia.

MIPAKA YA TIBA HII

Si kila maumivu hutibiwa kwa mazoezi. Mgonjwa apelekwe hospitali bila kuchelewa ikiwa maumivu ya mgongo yanaambatana na homa, kukonda au jasho la usiku, kwani kifua kikuu huweza kushambulia pingili. Au ikiwa miguu inalegea, sehemu za siri zinakufa ganzi, au mkojo umeziba au unatoka bila kujijua. Vilevile mwanamke anayetokwa na damu nje ya hedhi, mwenye maumivu makali ya tumbo la chini, au anayevuja mkojo mchana na usiku baada ya kujifungua, anahitaji uchunguzi wa daktari kwanza.

HITIMISHO

Mwalimu wa fizikia anaweza kuanza somo la wenzo kwa jaribio dogo: mwanafunzi ashike dumu la lita 5 lililojaa maji karibu na kifua, kisha alisogeze polepole mbele hadi mikono inyooke. Mgongo wake wenyewe utamweleza maana ya umbali kutoka egemeo. Mwalimu wa baiolojia anaweza kuitaja sakafu ya nyonga pale anapofundisha uzazi, kwa lugha ya heshima na bila kuona haya. Mwanafunzi wa Kasulu au Kibondo akirudi nyumbani na maarifa hayo, ataweza kumweleza mama yake kwamba kuvuja mkojo si aibu wala laana, bali ni udhaifu wa misuli ambao mara nyingi una tiba; naye kaka wa nyumba hiyo ataelewa kwa nini ndoo nayo ni kazi yake.