Kazi, Tegemeo au Fanksheni? Dhana Moja ya Hisabati na Tatizo la Kuipa Jina

Istilahi hupimwa kwa jinsi inavyobeba fasili ya dhana, wala si kwa utamu wake masikioni. Kipimo hiki chafaa kutumiwa kwa dhana ya hisabati ambayo jina lake katika lugha za Ulaya latokana na neno la Kilatini functio, lenye maana ya kutimiza wajibu. Mfasiri anayefuata asili hiyo huvutwa kuiita "kazi". Makala haya yanajaribu kuonyesha kuwa tafsiri hiyo yapotosha, na kwamba anayeumia ni mwanafunzi.

Historia ya dhana yenyewe ni shahidi. Leibniz alianza kulitumia neno hilo mnamo 1673 alipochunguza mistari iliyopinda. Mwaka 1748 Euler alilifasili kuwa usemi uliotungwa kwa namba na vigeu, yaani fomula. Mwaka 1837 Dirichlet aliliacha sharti la fomula: yatosha kwamba kila thamani ya x ina thamani moja tu ya y. Hivyo wazo la kutenda jambo lilififia, likabaki wazo la kutegemea. Anayesikia "kazi" hutafuta hesabu ya kufanya. Asipoiona, hudhani kuwa dhana haipo.

Mfano waweza kupatikana barabarani. Barabara itokayo Nairobi kwenda Magadi hupanda kupitia Kiserian hadi Kona Baridi, katika Kaunti ya Kajiado, kisha huteremka Bonde la Ufa hadi Ziwa Magadi, lililo karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari. Kila umbali kutoka Nairobi una kimo kimoja tu cha barabara. Hakuna fomula inayotoa vimo hivyo, lakini uhusiano umetimiza sharti la Dirichlet. Umbali wote wa safari ndio seti ya mwanzo. Vimo vyote vinavyopatikana ndivyo seti ya matokeo.

Sifa nyingine hudhihirika hapo hapo. Kwa kuwa barabara haikatiki hewani, uhusiano huu ni mfululizo: haiwezekani kuvuka kutoka kimo kimoja hadi kingine bila kupitia vimo vyote vya kati. Kwa sababu hiyo, kimo kilichopitwa wakati wa kupanda kuelekea Kona Baridi hupitwa tena wakati wa kuteremka. Basi anayetajiwa kimo peke yake hawezi kujua msafiri yuko upande upi, uhusiano haugeuziki. Uhusiano wa kimo na wastani wa joto la hewa ni wa namna nyingine. Kwa makadirio ya kawaida, joto hupungua nyuzi 6.5 kwa kila kilomita ya kupanda. Kwa kuwa hushuka tu bila kurudi juu, kila joto lina kimo chake, na uhusiano huo hugeuzika.

Wanaisimu nao wanayo mifano yao. Umbo "ua" lina wingi wa "maua" na pia "nyua". Seti ya mwanzo ikiwa ni maumbo matupu, sharti la tokeo moja limevunjika. Ikiwa ni maneno pamoja na maana zake, ua la mmea na ua wa nyumba huwa memba wawili tofauti, kila mmoja na wingi wake, na sharti hurejea. Kumbe kosa halikuwa katika kanuni ya wingi, bali katika kutotaja mapema kinachohesabiwa.

Jina gani basi lifae? "Tegemeo" lakaribia fasili, lakini halisemi lolote juu ya upekee wa tokeo, na tayari lina maana ya tumaini. "Fanksheni" halifafanui chochote. Hata hivyo halidanganyi, nalo humwachia mwalimu nafasi ya kutoa fasili. Ugeni wake si hoja ya kulikataa. Jina la Kona Baridi limeundwa kwa neno lililotoka Kiingereza na jingine lililotoka Kiarabu, wala hakuna Mswahili anayeomba kutafsiriwa. Neno la mkopo lenye fasili thabiti ni bora kuliko neno la nyumbani linalomwelekeza mwanafunzi kusiko.