Istilahi za Ushonaji: Mkoba wa Udi

Mfasiri anayepewa maelezo ya kushona kwa mkono mkoba wa ngozi wa kubebea udi, ile ala ya nyuzi ipigwayo katika taarabu ya Unguja, hukabiliwa na matatizo matatu ya istilahi.

La kwanza ni jina la kitu chenyewe. "Ala" ni uo wa kisu au upanga. Tena ni chombo, kama katika "ala ya muziki". Hivyo "ala ya udi" huacha shaka: ni chombo chenyewe au ni kifuniko chake? "Mfuko wa udi" nao waweza kudhaniwa kuwa ni mfuko wa udi wa kufukiza, kwani majina yote mawili yatokana na neno moja la Kiarabu lenye maana ya mti. Yafaa kuandika "mkoba wa udi wa muziki".

La pili ni vitenzi. Tundu la sindano katika kitambaa hujifumba. Katika ngozi hubaki. Kwa sababu hiyo fundi hupima kwanza nafasi zilizo sawa kwa bikari, kisha hutoboa kwa maharazi, yaani chuma chenye ncha kali na mpini. Sindano hupita tu katika tundu lililokwisha tobolewa. Basi tuseme "kutoboa" kwa maharazi na "kupitisha" kwa sindano. Mwanafunzi aambiwaye "shona" tu, atailazimisha sindano na kuivunja.

La tatu ni jina la mshono. Uzi mmoja uliopakwa nta hutiwa sindano kila ncha, na sindano zote mbili hupita katika kila tundu, kila moja kutoka upande wake. Lugha kadhaa za Ulaya huuita mshono huu kwa jina la tandiko la farasi. Tukitafsiri neno kwa neno, msomaji atafikiri habari ya matandiko ya kitanda. "Mshono wa sindano mbili" ni istilahi bora, maana yaonyesha kazi inavyofanywa na sababu ya uimara wake: uzi ukikatika upande mmoja, ule wa upande wa pili huendelea kushika.

Mkanda wa begani ndio ubebao uzito wote. Mwanafunzi asiyeelewa mshono huo ataushonea kwa sindano moja. Siku uzi utakapokatika, kitakachoanguka ni udi.