Jeep ya Zamani: Pima Kwanza, Kisha Ununue Piesi

Umekwisha kuona Jeep ya zamani iliyolala nyuma ya nyumba, kuku wakitaga mayai ndani? Kwetu ilikuwa hivyo. Baba mkubwa aliiacha pale, watoto wakachezea usukani mpaka ukatoka rangi. Siku moja sisi vijana wa nyumba tukasema: tuitengeneze, itabeba mihogo na makala kutoka shambani. Tukakusanya pesa. Kusema kweli, sehemu ya pesa ile ilikuwa minerval ya wadogo wetu. Mama alikubali kutukopesha kwa miezi miwili tu. Ndiyo maana ninakuandikia wewe unayefikiri kufanya kazi ya namna hii.

Kwanza uijue moteri yenyewe. Jeep za vita, Willys MB na Ford GPW, na zile za raia zilizofuata, CJ-2A na CJ-3A, zote zina moteri ya namna moja: silinda 4, lita 2.2, nguvu za farasi 60. Mwanzoni moteri hiyo ilikuwa na farasi 48 tu. Injinia Delmar Roos wa Willys ndiye aliyeiongezea nguvu mbele ya vita. Kulasi yake ni bapa. Supapi hazikai juu sawa katika gari za leo, ziko kando ya silinda, ndani ya bloki, na kulasi ni kifuniko tu. Ukiitoa, unaona pistoni 4 na supapi 8 kwa macho yako. Hata kijana anaweza kuelewa. Lakini ubaya wake uko hapo hapo: moshi wa moto unapita ndani ya bloki, karibu na maji. Moteri ikikosa maji hata siku moja, bloki inaweza kupasuka kati ya supapi na silinda.

Sisi hatukupima kitu. Tulisikia kelele ya chuma mbele ya moteri, rafiki mmoja akasema: «Piniyo zimekwisha, muagize zingine.» Tukaona picha, imeandikwa Jeep, bei ni nzuri. Tukalipa. Zilipofika tukazipeleka kwa mzee mmoja wa kartiye, ajistere wa zamani katika atelie ya mgodi. Hakuziangalia hata kidogo.

— Bana, mulifungua kifuniko cha mbele mbele ya kununua?
— Apana, tata.
— Basi munajua namna gani iko piniyo?

Akatufungulisha. Ndani hakukuwa piniyo za kugusana. Kulikuwa mnyororo, umelegea, unapiga kifuniko. Ile ndiyo kelele yetu.

Sikiliza vizuri hapa, maana watu wengi wanaanguka shimo hili. Jeep za vita na CJ-2A za kwanza zilizungusha mti wa kame (ule unaosukuma supapi) kwa mnyororo. Mwaka 1946 kiwanda kikabadilisha, kikaweka piniyo. Tukamwuliza mzee kama tunaweza kuzitia kwa nguvu. Akacheka. Kwa mnyororo, mti wa kame unazunguka upande mmoja na vilebrekini. Kwa piniyo unazunguka upande wa pili. Basi ukitia piniyo, inaomba mti mwingine wa kame, na pompu ya mafuta nyingine pia, sababu pompu hiyo inazungushwa na mti ule, nayo inazungusha delko inayogawa moto kwa mabuji. Piesi mbili zinadai piesi nne.

Kisha akatuonyesha namna ya kuanza. Bloki tuliisafisha, tukapaka mafuta ya taa kati ya supapi na silinda, tukangoja, tukapanguza mpaka pakakauka. Juu yake tukapaka unga wa chaki ya ubaoni. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha yanatoka na kuchora mstari kwa chaki. Kwetu hakukuwa mstari. Mdogo wangu aliruka kwa furaha. Mzee akamwambia angoje kwanza, silinda hazijapimwa.

Silinda mpya ina upana wa milimeta 79.4. Ikiwa imelika, inatobolewa kidogo na kuwekewa pistoni kubwa zaidi. Wengine wanakimbilia kutoboa. Usifanye! Pata pistoni mkononi kwanza, uzipime, kisha fundi atoboe kwa kipimo chao. Ukitoboa mbele na pistoni za kipimo kile zikakosa kupatikana, bloki inakuwa kiti cha kuku tena.

Piesi unatafuta wapi? Usiulize «Jeep» peke yake. Kutoka miaka ya 1950 Willys walitia moteri nyingine katika CJ-3B na CJ-5, yenye supapi za kuingiza juu na za moshi kando. Upana wa silinda na mwendo wa pistoni ni ule ule, basi pistoni, masegima yake na vikombe vya vilebrekini vinafaa mpaka zile za 1971. Kulasi na jwe yake hazifai. Ufaransa nayo, Hotchkiss walitengeneza M201 zaidi ya 27,000 mpaka 1966, na moteri yake ni ndugu kabisa ya Jeep ya vita. Lakini uwe macho na umeme: M201 nyingi ni za volti 24, na Jeep ya vita ni volti 6. Demareri na dinamo usichanganye.

Supapi zetu mbili za moshi zilikuwa zimeungua. Mzee anafikiri kuna mtu aliyezikaza sana. Kitabu cha jeshi kinataka nafasi ya milimeta 0.36 chini ya supapi, moteri ikiwa baridi. Ukipunguza ili kuondoa kelele, supapi haifungi vizuri ikipata moto, na inaungua. Kelele kidogo ya tik-tik si ugonjwa.

Mnyororo tuliupata kisha, kwa pesa ya kuuza mbuzi wawili. Minerval ilichelewa, mdogo wetu alirudishwa nyumbani mara mbili, na mama hakusema neno, jambo lililotuumiza kuliko angepiga kelele. Sasa Jeep inakwenda shambani. Kulasi tuliikaza kwa ufunguo wenye kipimo, karibu kgm 9, na tena kisha safari ya kwanza, moteri ilipopoa.

Piniyo mbili mpya zingali ndani ya sanduku lao. Mwenye Jeep ya kisha 1946, yeye aliyekwisha kufungua kifuniko cha mbele na kuona, atuandikie.