Je, Wajua? Mwili Wako Ukigeuzwa Namba

Picha ya kwanza ilikuwa na vidoti 6,400 tu
Tarehe 1 Oktoba 1971, hospitali ya Atkinson Morley jijini London ilimpiga mgonjwa wa kwanza CT-Scan ya kichwa. Vidoti 80 kwa 80 vilitosha kuonyesha uvimbe ubongoni bila kupasua fuvu. Na mbunifu wa mashine hiyo, Godfrey Hounsfield, hakuwa daktari: alikuwa mhandisi wa EMI, kampuni iliyotoa nyimbo za Beatles!

Maji ni sifuri, hewa ni hasi 1,000
Kila kidoti kina namba yake kwenye kipimo cha Hounsfield. Mafuta yako karibu na hasi 100, mfupa mgumu hupanda hadi 1,000 na zaidi. Daktari akiiamuru kompyuta ifiche kila kilicho chini ya 300, ngozi na nyama hutoweka, mifupa ikabaki peke yake kwenye skrini.

Vidoti vya mtu mmoja vinawazidi Watanzania wote
Siku hizi kipande kimoja cha picha huwa na vidoti 512 kwa 512. Panga vipande 300, kila kidoti kiwe kijisanduku, upate vijisanduku zaidi ya milioni 78. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 Tanzania. Kwa hazina hiyo, mwili hutazamwa kwa wima, mlalo au mshazari bila mgonjwa kurudi mashineni.

Majibu ni 256, hayazidi
Mwaka 1987, William Lorensen na Harvey Cline wa General Electric waliifundisha kompyuta kuuliza kila kijisanduku: kati ya pembe zako nane, zipi zimo ndani ya mfupa na zipi ziko nje? Majibu yanayowezekana ni 256 tu. Karibu kila jibu lina pembetatu zake, na pembetatu hizo zikiungana, fuvu zima hujitokeza.

Mtoto wa Kilifi alionekana ndani ya bonge la udongo
Mifupa iliyopatikana katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, Kenya, ilikuwa dhaifu mno kuguswa. Bonge zima likafungwa plasta, na uchunguzi uliofanyika Burgos, Hispania, pamoja na CT-Scan ya vitu vidogo, ukafichua mtoto wa miaka kati ya 2 na 3, amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa. Alizikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Watafiti wakampa jina la Kiswahili: Mtoto.

Hata wewe unaweza kujionea
Programu ya 3D Slicer, inayojenga maumbo haya, hupakuliwa bure. Ukipigwa CT-Scan, omba picha zako kwenye CD ukazitazame. Kuzisoma ili kutambua ugonjwa, mwachie daktari.