Dizeli ya Kilomita Laki Tatu: Ununue au Upite?

Prado ya dizeli namba C inauzwa mkononi, mita inasoma kilomita 280,000. Jirani yake ipo ya petroli ya mwaka uleule, yenye 160,000, na bei yake iko chini kwa shilingi milioni 10. Dalali atakuambia dizeli haifi. Maneno yake yana ukweli nusu. Nusu iliyobaki ndiyo hula hela za watu.

Hesabu ya mafuta

Watu hukimbilia dizeli kwa sababu ya mafuta, kwa hiyo tuanzie hapo. Tuseme petroli ya injini ya 2.7 inakwenda kilomita 8 kwa lita, na dizeli ya 3.0 inakwenda 10. Ukitembea kilomita 20,000 kwa mwaka, ya kwanza inakunywa lita 2,500 na ya pili 2,000. Kadiria lita kwa shilingi 3,000 kwa zote mbili, kisha weka bei halisi ambayo EWURA hutangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Unaokoa milioni moja na nusu kwa mwaka. Ile milioni 10 ya nyongeza itarudi baada ya miaka sita na ushee, mradi kisiharibike kitu kikubwa. Anayetembea kilomita 8,000 tu, nyumbani hadi kazini, anaokoa laki sita kwa mwaka. Huyo atasubiri zaidi ya miaka 16.

Inadumu kiasi gani?

Swali hilo halijibiwi na mita peke yake. Fungua boneti ujue ni injini gani.

Zisizo na kompyuta, kama 5L ya Hilux na Hiace, au 1HZ ya Land Cruiser mkonga, ndizo zilizoipa dizeli sifa yake. 1HZ ina silinda sita, lita 4.2, haina tabo, na silinda hedi yake ni ya chuma. Ikitunzwa, kilomita laki tano si ajabu, na fundi wa kuifungua humkosi hata mikoani. Ubaya wake ni kwamba ina mwendo mzito, inakunywa, na wauzaji wanajua thamani yake.

1KZ ina tabo na silinda hedi ya aluminiamu. Ikichemsha vibaya hata mara moja, hedi inaweza kupasuka. Kwenye hii, hali ya rejeta ina uzito zaidi kuliko kilomita.

1KD, inayoandikwa D-4D, ina nguvu na inabana mafuta, lakini nozo zake zinaongozwa kwa umeme na ni ghali. Ikishavuka kilomita 150,000, weka nozo kwenye bajeti. Chini ya kila nozo kuna washa ndogo ya shaba. Ikianza kuvuja, masizi hushuka kwenye oili, yanaziba chujio la sampu, na injini inagonga kwa kukosa oili. Kitu kidogo hivyo kimeua injini nyingi zilizokuwa nzima.

Dizeli mpya zaidi zina chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo hujisafisha gari likitembea mwendo mrefu likiwa na moto. Foleni za mjini hulijaza. Tena nyingi zilitengenezwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, wakati kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kiliruhusu hadi 50.

Ukaguzi wa asubuhi

Nenda mapema, mwambie muuzaji asiwashe gari. Gusa injini, ikiwa ya moto, kuna kinachofichwa. Ikiwa ya baridi, fungua rejeta uangalie kama kuna utando wa oili juu ya maji, kisha ufunge. Iwashe utazame ekzosi: moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweupe usiokatika ni nozo au maji yanayoingia kwenye silinda, mweusi mzito ni mafuta yasiyoungua vizuri. Injini ikiwa inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, legeza kifuniko cha oili ukiache juu ya tundu lake. Kikirushwa na pumzi, ringi zimechoka. Mwisho, tazama raba za pedali na ngozi ya usukani. Zikiwa zimelika huku mita inasoma 90,000, mita imerudishwa.

Bei ya kweli

Kabla ya kupatana, uliza maduka ya vipuri ya Kariakoo bei ya nozo zote, mkanda wa taimingi na tensiona zake, rejeta na ukarabati wa tabo. Mkanda hubadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000 kutegemea injini. Ukikatika, valvu hugonga pistoni. Muuzaji asipokuwa na risiti ya kazi hizo, hesabu kuwa hazijafanyika, na jumla yake uikate kwenye bei.

Kwa mtu wa safari ndefu, mizigo au barabara za vumbi, 5L au 1HZ yenye laki tatu na kumbukumbu za sevisi ni bora kuliko D-4D ya laki mbili isiyo na karatasi. D-4D inafaa ukiwa umebakiza fedha za nozo baada ya kulipia gari. Na kama gari lako halivuki Kibaha ila wakati wa sikukuu, nunua ile ya petroli.