Analipia Uvira, wanabonyeza Bujumbura

Facebook humtaka mwenye tangazo ataje mji, kisha aseme tangazo lifike umbali gani kuuzunguka. Muuzaji wa vitenge wa Uvira anayetaja kilomita 40, akitumaini kuwapata watu wa Sange na Makobola, amejitia hasara kabla hajauza kitenge hata kimoja. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kilomita kama 25 hivi, iko Bujumbura ya Burundi, yenye watu wengi na simu nyingi kuliko Uvira. Kutangaza kwa Kiswahili hakumwokoi, kwani mtaa wake wa Buyenzi nako ni Kiswahili mtindo mmoja. Wanabonyeza, wanauliza bei, wanasifu rangi, halafu wanauliza mzigo utavukaje mpaka wa Gatumba. Na kila mbonyezo umeshalipiwa.

Dawa ipo: kuiondoa Burundi kwenye tangazo. Lakini ukiiondoa, wanaobaki ni wachache, tangazo linawarudia watu wale wale hadi wanalichoka, na bei ya kumpata mteja mmoja inapanda. Hapo ndipo kampuni changa nyingi za kaskazini mwa Tanganyika zinapokwama, hata zile zenye bidhaa nzuri.

Wengi hudhani matangazo ya intaneti yana bei iliyopangwa, kama komunike ya redio. Hayana. Kila mtu anapofungua simu, nafasi ya kumwonyesha tangazo inapigwa mnada papo hapo. Google ilianza kuuza matangazo ya AdWords Oktoba 2000, ikayauza kwa mnada kuanzia 2002, na Facebook ikashika njia hiyo hiyo ya mnada baadaye. Kwenye mnada huo muuza viatu wa mtaa wa Mulongwe, Uvira, hapambani na muuza viatu mwenzake. Anapambana na kila anayelitaka jicho lile lile: kampuni ya kubashiri, kiwanda cha bia, mtandao wa simu, hata shirika la misaada linalotafuta wafanyakazi. Si kwamba mwenye fedha nyingi hushinda daima; mashine huangalia pia kama watu wanalijali tangazo lenyewe. Lakini kulijaribu tangazo mpaka lishike kunahitaji fedha ya kupoteza, na hiyo ndiyo kampuni changa haina. Tena malipo mara nyingi hudai kadi ya benki yenye dola, wakati fedha za kijana anayeianzisha zimo ndani ya M-Pesa au Airtel Money. Basi anamtafuta mwenye kadi, naye mwenye kadi anataka chake.

Mitandao ya simu yenyewe ni mshindani wa aina yake. Vodacom ilileta M-Pesa Kongo mwaka 2012, na tangu hapo kampuni za simu si za kuuza mega na dakika tu. Zina namba za wateja, zina mawakala kila kona, na zinaweza kumtumia mteja ujumbe mfupi bila kuingia mnada wa mtu. Kijana akianzisha huduma ya malipo au mikopo midogo Uvira, ajue kwamba anapanda lori la mpinzani wake, na nauli anamlipa yeye.

Je, fedha nyingi zingesaidia? Tuitazame Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni iliyoanzia Lagos mwaka 2012. Mwaka 2018 ilipata mapato ya takriban euro milioni 129, ikala hasara ya takriban milioni 170. Mauzo na matangazo peke yake yalimeza zaidi ya milioni 40, yaani karibu theluthi ya mapato yote. Aprili 2019 ikaingia soko la hisa la New York kwa kishindo. Novemba mwaka huo huo ikafunga Kamerun na Tanzania. Dar es Salaam, mji wenye bandari, benki na mamilioni ya watu, haukuweza kuibeba. Baadaye, chini ya Francis Dufay aliyeshika uongozi mwishoni mwa 2022, kampuni ilikata sana bajeti ya matangazo na kutegemea zaidi mawakala wanaolipwa kwa kamisheni. Somo hilo liliigharimu miaka 10.

Wala si ugonjwa wa Afrika. Pets.com ya Marekani, iliyouza mtandaoni mahitaji ya wanyama wa nyumbani, ilitangaza katika fainali ya Super Bowl Januari 2000, na Novemba ikafunga milango.

Hesabu yenyewe haina siri. Tuseme kitenge kinamwachia muuzaji faida ya dola 2, na tangazo la kumpata mnunuzi mmoja limemla dola 3. Mnunuzi huyo asiporudi, kila anayeongezeka ni hasara inayoongezeka. Kwa hiyo swali si tangazo limeonwa na wangapi, ni wangapi wamenunua mara ya pili. Na mtu wa Uvira hurudi kwa sababu mzigo ulifika, alilipa baada ya kuushika, na kilichokuja ndicho kilichokuwa kwenye picha. Barabara ya Swima na Mboko hadi Baraka ikiharibika kwa mvua, tangazo lililolipiwa Baraka ni fedha iliyotupwa ziwani. Mwaka 2025 vita vilionyesha zaidi: Bukavu ilipoanguka Februari, Uvira ikawa makao ya muda ya serikali ya jimbo, na Desemba waasi wa M23 wakaingia Uvira yenyewe. Siku kama hizo hakuna mnada unaoleta mteja. Anayebaki na wateja ni yule ambaye namba zao anazo kwenye WhatsApp.

Kinshasa ilitoa sheria ya kukuza ujasiriamali na kampuni changa Septemba 2022. Ni vizuri, lakini msaada wa karibu zaidi uko hapa hapa. Redio za Uvira zinasikika milimani na uwandani, mahali ambapo intaneti ni ya kubahatisha, na msikilizaji anaiamini sauti anayoijua. Ziache kuidai kampuni changa bei nzima ya komunike kabla haijauza. Zitangaze kwanza, kisha zichukue asilimia ya mauzo yanayotokana na namba moja ya simu iliyotajwa hewani. Redio itakayokubali kujaribu hivyo kwa miezi mitatu itapata watangazaji ambao leo dola zao zinaishia California.