Asiyeimba Wimbo wa Taifa Amevunja Sheria Ipi?

Shule zikifunguliwa tu, simu yangu haipumui. Wakuu wa shule wananipigia kutoka Kongwa, Bahi, Mpwapwa na humu humu jijini Dodoma, na wote wana swali moja: "Wakili, mwanafunzi anayegoma kuimba wimbo wa taifa mstarini, adhabu yake kisheria ni ipi? Tumsimamishe masomo au tumfukuze kabisa?"

Nimechoka kulijibu kwa mdomo. Swali lenyewe limeanzia mwisho. Adhabu hufuata kosa, na kosa hutajwa na sheria, hivyo anayetaka kuadhibu ndiye anayepaswa kuonyesha kifungu. Nikiomba kifungu hicho napewa moja ya majibu matatu: "mbona inajulikana", "kuna waraka", au "kutoimba ni kulidharau taifa". La kwanza si hoja. La pili nitaligusa. La tatu ndilo lenye mizizi, maana linaaminiwa hata na watu waliosoma vizuri, na ndilo lililowaponza watoto wengi.

Kwanza niseme kwamba jambo hili lilishaamuliwa zamani. Tarehe 12 Julai 2013, katika rufaa ya Zakaria Kamwela na wenzake 126 dhidi ya Waziri wa Elimu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa ushindi wanafunzi 127, Mashahidi wa Yehova, walioadhibiwa kwa kutoimba wimbo wa taifa. Watano walikuwa wamefukuzwa shule na 122 wamesimamishwa masomo. Mahakama Kuu ilikuwa imewakatalia. Majaji wa Rufani walitengua uamuzi huo na kusema hakuna sheria nchini inayomlazimisha mtu kuuimba wimbo wa taifa, na kwamba mtu anaweza kuuheshimu bila kuuimba. Hiyo ndiyo mahakama ya juu kuliko zote nchini, na uamuzi wake unazifunga zote zilizo chini yake. Anayesema "hapa shuleni kwetu tuna utaratibu wetu" anajiweka juu yake.

Sasa nije kwenye dharau.

Dharau ni kitendo, na kitendo huonekana. Kasimame siku moja nyuma ya mstari wa shule yoyote asubuhi, bendera inapopanda. Utamwona mwanafunzi mmoja amesimama wima, mikono ubavuni, macho kwenye bendera, mdomo umefungwa. Pembeni yake yupo anayeimba huku akimkanyaga mwenzake kisigino. Mstari wa mwisho kuna kundi linalotikisa midomo bila sauti kutoka, na mwalimu wa zamu analijua kundi hilo kwa majina. Yupo pia aliyebadilisha maneno ili wenzake wacheke. Katika hao wote, anayeitwa ofisini ni yule wa kwanza.

Kwa nini yeye? Ukimya wake hauna ajabu, kwa kuwa nusu ya mstari wa nyuma nao wako kimya na hakuna aliyewahi kuandikiwa barua. Tofauti yake ni kwamba alipoulizwa sababu, alisema ukweli: imani yangu hainiruhusu. Angedanganya kwamba koo linamuuma, angerudi darasani bila neno. Kinachoadhibiwa basi ni sababu ya kunyamaza, na sababu hiyo ni dini. Hapo ndipo mkuu wa shule anatoka kwenye nidhamu na kugongana na ibara ya 19 ya Katiba, inayolinda uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, na inayosema kutangaza dini na kufanya ibada ni jambo la hiari ya mtu binafsi.

"Lakini Wakili, ni wimbo tu, si ibada!" Wanaosema hivyo wausome wimbo wanaouimba. Unaanza kwa kumtaja Mungu na kumwomba baraka. Asili yake ni utenzi wa kidini uliotungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika Kusini. Ni dua, tena dua nzuri, na mimi naiimba kwa sauti. Lakini ukimlazimisha mtu aombe dua, humsaidii kwa kumwambia "si ibada". Umeongeza kosa juu ya kosa.

Wengine hunijia na hoja ya pili: mbona Wakristo wengine wanaimba, na Waislamu wanaimba, na mbingu haijaanguka? Hoja hii ilipelekwa katika Mahakama ya Juu ya India na ikashindwa. Mwezi Julai 1985, watoto watatu wa familia moja katika jimbo la Kerala walifukuzwa shule kwa kutoimba wimbo wa taifa wa India. Kila asubuhi walikuwa wakisimama kwa heshima wenzao wakiimba. Tarehe 11 Agosti 1986 mahakama iliamuru warudishwe. Ilisema kinachopimwa ni kama imani hiyo mtu anayo kweli na kwa dhati, hata ikiwa majaji wenyewe wanaiona ya ajabu. Wala India haikukosa sheria ya kulinda heshima ya taifa. Ilikuwa nayo tangu 1971, lakini inamgusa anayewazuia wengine kuimba au anayevuruga mkusanyiko unaoimba. Anayesimama kimya hamzuii mtu.

Wapo wanaonitajia Zambia, na hao angalau wamesoma kidogo. Ni kweli, mwaka 1967 Mahakama Kuu ya Zambia ilimkatalia Feliya Kachasu, msichana wa shule aliyesimamishwa masomo kwa kutoimba. Lakini Zambia ilikuwa na kanuni za elimu za mwaka 1966 zilizotamka kwa maandishi kwamba wanafunzi wataimba. Sisi kanuni ya namna hiyo hatuna. Na hata zilipokuwapo, kwingine hazikufaa kitu: Ufilipino ilikuwa na sheria ya bunge ya mwaka 1955 kuhusu sherehe za bendera shuleni, na mwaka 1993 Mahakama yake ya Juu ikasema watoto wasifukuzwe kwa ajili yake, ikiuacha uamuzi wake yenyewe wa 1959.

Hofu iliyobaki ni ya taifa kusambaratika. Waulizeni Wamarekani. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu yao iliruhusu shule kuwalazimisha watoto kupigia bendera saluti na kutamka kiapo cha utii. Kilichofuata ni magenge ya watu kuwashambulia Mashahidi wa Yehova mji baada ya mji. Mwaka 1943, vita kuu ikiwa imepamba moto na vijana wao wakifa ng'ambo, mahakama hiyo hiyo ilijigeuza katika shauri la Barnette lililotoka West Virginia, ikasema hakuna ofisa wa serikali mwenye mamlaka ya kumpangia raia cha kukiri kwa mdomo wake. Taifa lililokuwa vitani halikuanguka kwa watoto wachache kunyamaza. Letu lenye amani litaangushwaje na binti mmoja wa kidato cha pili?

Kuhusu waraka: waraka wa elimu unaweza kupanga saa ya mstari, rangi ya sare na siku ya usafi. Hauwezi kufuta haki iliyo katika Katiba. Ibara ya 30 inaruhusu haki kuwekewa mipaka, lakini kwa sheria iliyotungwa, na kwa sababu zilizotajwa humo.

Wajanja zaidi hukimbilia Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza na kusimamisha wanafunzi, kwenye kile kipengele cha utovu wa nidhamu wa kudumu na wa makusudi unaohatarisha nidhamu ya shule. Hesabu yao ni kwamba hakuimba Jumatatu, hakuimba Jumanne, basi ni utovu wa kudumu. Jambo lisilo kosa Jumatatu halitageuka kosa kwa kurudiwa hadi Ijumaa. Sifuri ukiijumlisha mwaka mzima ni sifuri.

Sasa hiyo "dawa" ninayoisikia kila wilaya: "Mtandike, ataimba." Kanuni za viboko, nazo za 2002, zinataka kosa liwe zito, fimbo zisizidi nne, mchapaji awe mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike pale alipo, na kila kitu kiandikwe kitabuni: jina, kosa, idadi ya viboko, jina la aliyechapa. Niliwahi kuonyeshwa kitabu kama hicho katika shule moja. Kwenye safu ya kosa mwalimu alikuwa ameandika "kunyamaza". Mwalimu, huo ni ushahidi, na umeuandika mwenyewe kwa mkono wako. Hata ukifanikiwa kumtoa sauti, umepata nini? Mtoto aliyekuwa anakuambia ukweli amejifunza kwako kutikisa mdomo. Kama huo ndio uzalendo unaoutafuta, mstari wa nyuma unao tele.

Mipaka ipo, msije mkanielewa vibaya. Anayepiga kelele wimbo ukiimbwa, anayewazomea wenzake, anayechana bendera, anayetoroka mstari na kazi za shule kwa kisingizio cha dini, huyo ana kesi ya kujibu, na ashughulikiwe kwa alichofanya.

Ya kufanya ni machache. Mkuu wa shule: mwache asimame kwa utulivu, basi. Andika kumbukumbu kwamba umepokea maelezo ya mzazi. Usiwaachie viranja suala hili. Usimhamishie adhabu kwa mlango wa nyuma, kwa kumnyima ukiranja au kumpangia vyoo kila wiki. Fomu ya kujiunga aliyosaini mzazi haikusaidii, kwa kuwa haki ya Katiba haiuzwi kwa saini. Ukiona ni lazima uchukue hatua kwa kosa jingine, msikilize mtoto na mzazi kwanza. Ibara ya 13 inataka hivyo.

Mzazi: andika barua ya ukurasa mmoja mapema, bila mahubiri, ueleze mtoto atafanya nini wimbo ukiimbwa, yaani atasimama kwa heshima. Mfundishe asiwabishie walimu mbele ya wenzake. Akisimamishwa, dai barua yenye sababu, usikubali kauli ya mdomo. Nenda kwenye kamati au bodi ya shule, kisha kwa afisa elimu wa wilaya, ukiwa na nakala ya uamuzi wa 2013. Wakikukatalia, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora makao yake makuu yako hapa hapa Dodoma. Huna hela ya wakili? Watafute wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017. Shauri la kikatiba Mahakama Kuu ni hatua ya mwisho, na utaulizwa kama njia nyingine ulizimaliza, kwa hiyo tunza kila barua.

Na usingoje. Mitihani ya taifa ya kidato cha nne haisogezwi mbele kwa sababu mtoto yuko nyumbani akisubiri kikao cha bodi. Akipewa barua leo, rufaa yako iwe imepokelewa na kugongwa muhuri wiki hii hii.